Alhamisi za Mama Tabita

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka Mbebe na Mbangala, wageni mliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, na ninyi majirani wa Igamba ambao tangu Jumatatu hamjalala kwenu: Bwana Yesu asifiwe. Tumekusanyika kumsindikiza Yunisi binti Yesaya Kibona, mjane wa Anania Nzunda, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Tabita. Maneno haya yameandikwa na familia na yanasomwa na shemeji yake, Eliakim Nzunda. Familia imemwomba Eliakim asome polepole na asiongeze ya kwake. Mnamfahamu Eliakim. Amekubali la kwanza, la pili amesema atajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika kijiji cha Mbebe, milimani Ileje, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Yesaya Kibona na mama Ikupa. Ilikuwa nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage, nyumba ya sala asubuhi na jioni, ambapo mtoto hakuuliza kama leo kuna kazi, aliuliza kazi ipi. Mdogo wake Mika alipozaliwa mwaka 1968, mama yao aliugua miguu kwa muda mrefu. Mika akawa wa Yunisi. Alikuwa na miaka saba tu, na tayari alijua kubeba mtoto, kumbembeleza, na kumfuta kamasi huku akichochea moto kwa mkono wa pili.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi kijijini kwao mwaka 1969, na alianza na Mika mgongoni. Siku ile ya kwanza mwalimu wake, aliyeitwa Sebastian, alimtazama toka juu hadi chini akamwuliza, "Na huyo mgongoni yuko darasa la ngapi?" Yunisi akajibu bila kucheka, "Huyu bado hajaandikishwa, mwalimu, ila ana akili." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Sebastian, Mungu amlaze pema, akampa dawati la nyuma karibu na mlango, ili Mika akilia watoke na kurudi bila kumsumbua mtu. Hivyo ndivyo alivyosoma, sikio moja ubaoni na sikio jingine mgongoni, hadi akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Mika mwenyewe yupo hapa leo, mzee mwenye mvi, na anasisitiza kwamba alijua kuhesabu kabla hajajua kutembea. Hayo tunamwachia yeye.

Yunisi alipata kipaimara mwaka 1977, akawa mwimbaji wa kwaya ya vijana. Mwaka 1979 kwaya za wilaya zilikutana Mbebe, na kwaya ya Igamba ilikuja na kijana mmoja wa sauti ya nne ambaye viatu vyake vilikuwa vya kuazima. Vilimbana mno, akajificha nyuma ya kanisa kuvivua. Yunisi alikuwa anapita na ndoo ya maji ya wageni, akamkuta amekaa chini anapulizia vidole. Aliweka ndoo chini, akammiminia maji miguuni, akabeba ndoo yake akaenda zake. Kijana huyo alikuwa Anania, na hadi uzeeni alisema kwamba alimpenda si kwa sababu ya yale maji, ni kwa sababu hakumwambia mtu. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Julai 1980, naye Yunisi akahamia hapa Igamba, katika boma hili hili.

Alikuja na Kindali chake, akajifunzia Kinyiha kwenye mistari ya kahawa. Alikijua vizuri. Ila hasira yake ilibaki Kindali mpaka mwisho, na watoto walijua kwamba likishatoka neno la Kindali, mazungumzo yameisha.

Miaka ile ya mwanzo haikuwa rahisi, na yeye mwenyewe asingependa tuiruke. Mwaka wa kwanza watu walisubiri mtoto. Mwaka wa pili wakaanza kuuliza. Baadaye wakaacha kuuliza, na hapo ndipo palipomuuma zaidi. Kulikuwa na wazee waliomwita Anania pembeni kumshauri atafute mwanamke mwingine, naye aliwajibu, "Mke ninaye." Basi. Lakini Yunisi aliyasikia, na aliyabeba.

Hapa wageni mtuvumilie tueleze jambo la ushirika wetu. Akina mama wa hapa hukutana kusali kila Alhamisi, saa nane mchana. Mama anayehudhuria mfululizo kuanzia Mwaka Mpya hadi ibada ya shukrani ya mavuno, huvishwa kitambaa cheupe cha kichwa mbele ya kanisa lote. Akikosa, labda awe amefiwa au anaumwa, anaanza upya mwaka unaofuata. Kitambaa hicho mama hukivaa kila Alhamisi, na siku yake ya mwisho huzikwa nacho. Ni heshima kubwa. Mama wa Igamba anaweza kukosa bati jipya asinung'unike, lakini kitambaa anakitaka.

Novemba 1985, siku ya Alhamisi, Yunisi alisimama katikati ya maombi. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Jirani yake Ferista, ambaye leo ni Mama Fortunata na mwenyekiti wetu wa akina mama, alikuwa amekaa pembeni yake, akamshika kitenge kwa kuogopa ataanguka. Yunisi akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Bwana, ukinipa mtoto, nitakutumikia kila Alhamisi ya maisha yangu." Akina mama wakaitikia Amina. Wengine walilia. Ikawa nadhiri, imetamkwa kanisani mbele ya mashahidi, na mtu wa malezi ya mzee Yesaya Kibona hachezi na nadhiri.

Mwaka uliofuata alihudhuria Alhamisi zote, na mimba yake ikikua mbele ya macho ya watu walewale waliokuwa wameacha kuuliza. Alihudhuria kwenye tope la masika, akahudhuria kwenye baridi ya Juni yenye ukungu ambao humwoni mwenzako. Ibada ya shukrani ilibaki kidogo tu. Na Mungu naye ana utani wake: uchungu ukamshika Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1986, na Tabita akazaliwa saa nane mchana, akina mama wakiwa ndio kwanza wanaanza kuimba. Wazee wakaangalia taratibu. Kufiwa kumetajwa, kuugua kumetajwa, kujifungua hakukutajwa. Taratibu hizo waliziandika wanaume. Yunisi akaambiwa kwa upole kwamba ataanza upya Januari.

Alicheka. Alikuwa na mtoto mkononi, angekosa nini? Januari akaanza upya, na Februari Tabita akapata surua. Mwaka mwingine akafika Mei, mama mkwe akavunjika nyonga, akahitaji wa kumgeuza kitandani. Kisha tarehe 21 Februari 1989 wakaja Gibson na Clement, wawili kwa mpigo, na ndugu zangu, mwenye mapacha hana Alhamisi. Hana hata Jumapili. Anania alisema kipindi kile alimwona mke wake amekaa mara moja tu, na alikuwa amelala akiwa amekaa.

Sasa sikilizeni jinsi jambo lenyewe lilivyoanza. Alhamisi moja ya mwaka ule wa mapacha, Ferista alikuwa anapita kwenda kwenye maombi, watoto watatu wanamfuata, mmoja anakohoa. Yunisi alikuwa mlangoni, pacha kila upande. Akamwita, "Dada Ferista, huyo wa kikohozi unampeleka wapi na upepo huu? Niachie hapa. Mimi leo siendi, hawa wananinyonya kwa zamu."

"Na hawa wengine je?"

"Waache wote. Uji upo."

Wiki iliyofuata Ferista aliwaleta tena, na jirani mwingine akawaleta wake. Baada ya mavuno ua ulikuwa umejaa. Akina mama wa Igamba walipita hapa kila Alhamisi kama malori kwenye mizani ya Mpemba, wanashusha watoto, wanaendelea kanisani wepesi. Yunisi alipika uji kwenye sufuria kubwa la kuchemshia maji ya sherehe. Kabla ya kunywa walisali, na sharti lilikuwa moja, anayefumbua macho kabla ya Amina anakunywa wa mwisho. Aliwaimbisha, aliwatoa funza, aliwaamua ugomvi, aliwaogesha waliojichafua. Aliyelia sana alimbeba mgongoni huku anamenya kahawa. Jioni mama zao walirudi wameburudika rohoni, wakakuta watoto wamelala kwenye mkeka. "Asante, Mama Tabita." "Karibuni." Ndiyo ilikuwa Alhamisi yake, miaka nenda rudi, na Angel alipozaliwa tarehe 2 Mei 1994 aliongezeka tu kwenye hesabu.

Wakati wote huo yeye alijiona mtu aliyemwahidi Mungu akashindwa. Kila Januari alijaribu, kila mwaka kikatokea kitu. Watu walipomwuliza amefanya nini siku hiyo, alijibu, "Mimi? Nilikaa tu na watoto." Angel alipokuwa mdogo aliwahi kumwuliza kwa nini mama za wenzake wana vitambaa vyeupe na yeye hana. Yunisi akaendelea kupepeta mahindi. Baadaye akamwambia, "Kuna neno nililimwambia Mungu, mwanangu, bado sijalitimiza."

Kazi yake ilikuwa shamba. Pamoja na mumewe walilima kahawa, mahindi na maharage, na kahawa hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wote wanne. Mnaoilima mnaijua: ukishaiosha ukaianika kwenye vichanja, hutakiwi kuipa kisogo, maana ikilowana imeharibika. Na hapa lipo jambo la Julai 1996 ambalo kijiji kililijua upande mmoja tu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jua lilikuwa kali, akina mama wote walikuwa kanisani na kahawa zao ziko wazi. Ghafla likashuka wingu, na manyunyu yale ya Julai yasiyo na adabu yakaanza. Akina mama kule ndani waliyasikia juu ya bati. Ferista akapiga magoti akaomba kwa nguvu zake zote Mungu aifunike kahawa yake. Walipotoka, akakimbia nyumbani, akakuta kahawa imefunikwa turubai safi, imekaa kavu, na hakuna mtu. Jumapili yake alitoa ushuhuda kwamba Bwana ameunyosha mkono wake juu ya vichanja vyake. Kanisa lilipiga makofi. Yunisi alikuwa benchi la nyuma na mapacha wake, akapiga makofi kuliko wote. Ushuhuda huo Ferista aliutoa miaka mingi, kwenye mikutano, kwenye semina, hata Vwawa walimwalika akautoa.

Anania alitangulia mbele za haki tarehe 17 Machi 2010. Yunisi alimlilia kwa heshima, akaendelea na shamba hadi mwaka 2012, ambapo Tabita alimwomba aende Tunduma. Tabita alikuwa anauza vitenge pale sokoni karibu na mpaka, mumewe ni dereva wa malori ya mbali, na alikuwa na watoto watatu waliofuatana mno. Yunisi akaenda kwa wiki mbili. Akakaa miaka kumi na mbili.

Tabita ametuomba tuseme hili waziwazi, kwa ajili ya akina mama vijana waliopo hapa. Alikuwa amechoka hadi imani ikamtoka. Siku moja alirudi sokoni, akakuta mama yake anachambua mchele, akakaa chini na kitenge chake cha biashara bado begani, akasema, "Mama, mimi nimeacha kusali. Nikifumba macho tu, nalala."

Yunisi hakumkemea. Alisogeza sinia akamwambia, "Basi sali macho wazi. Kwani Mungu amekwambia fumba? Shika huku, chambua na mimi."

"Sasa mchele na maombi wapi na wapi?"

"Huu unaochambua ataula nani?"

"Watoto."

"Wataje."

Tabita akawataja, mmoja mmoja, huku anatoa vijiwe. Walipomaliza sinia, Yunisi akasema, "Haya. Umeshasali. Nenda kaoge." Tabita anasema tangu siku hiyo hajawahi kufua nguo ya mtoto bila kumtaja mbele za Mungu, na kwamba imani yake aliipata upya pale sakafuni, si mkutanoni. Wapo waliompata mama huyu kwa namna hiyo hiyo pale Tunduma. Wafanyabiashara wa Nakonde waliovuka na watoto walijua penye kivuli na uji. Walimwita Bamayo, yaani mama, naye aliwajibu kwa Kibemba chake kibovu, kile cha kuuliza bei, akakitumia kubembelezea watoto.

Ila Tabita alipomwambia, "Mbona wewe hujiambii maneno hayo?" Yunisi alijibu, "Wewe hukuweka nadhiri. Mimi niliweka." Akainuka kwenda jikoni.

Mwaka 2024 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari wa Tunduma na baadaye wa Mbeya waligundua moyo umetanuka, nasi tunawashukuru kwa moyo wote kwa jinsi walivyomhudumia. Mwezi wa Nne mwaka huu aliomba arudishwe Igamba. Alisema anataka kufa anasikia kahawa ikimenywa. Akawekewa kitanda kwenye chumba kinachotazama jikoni, Angel akawa naye.

Huko ndiko alikomwita Tabita akamwambia jambo lililoitikisa familia. "Nikifa, msiwasumbue akina mama kuhusu kitambaa. Sikutimiza. Sitaki kumwendea Mungu na nguo ambayo si yangu." Hakuwa analalamika. Alikuwa anaogopa. Mama aliyewatia moyo wanawake wa nchi mbili alikuwa amelala pale anaogopa kuonana na Mungu wake, kwa sababu ya Alhamisi. Alitoka nje akalia nyuma ya vichanja.

Mwezi wa Sita Ferista alikuja kumwona. Alikuja na fimbo yake na kitambaa chake cheupe, akakaa kitandani, na kama kawaida akaanza kumtia moyo kwa ushuhuda wake. "Mdogo wangu, Mungu yule aliyeunyosha mkono akafunika kahawa yangu..." Yunisi akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Gibson alikuwa mlangoni. Alikuwa na miaka saba siku ile ya manyunyu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amefunga mdomo. Safari hii siri ikamtoka.

"Mama mkubwa, mkono wa Mungu ulikuwa mimi. Mimi na Clement. Tulishika ncha za turubai huku, mama akashika kule."

"Gibson!" mama yake akamfokea, kwa Kindali. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ferista alikodoa macho. "Turubai lile lilikuwa lenu?"

"Lilikuwa letu," Gibson akasema. "Tulifunika kwako, tukafunika kwa majirani wote mpaka kule bondeni kwa magunia na mikeka. Yetu ikalowana. Mama alisema tusiseme, tusikuharibie ushuhuda wako."

Ferista alitazama sakafu. Alipoinua uso alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Yunisi," akasema, "miaka yote ninasimulia habari zako, na wewe unanipigia makofi?"

"Si ni Mungu aliyenituma, dada? Ushuhuda wako ulikuwa wa kweli."

"Basi kama alikutuma, mbona unaogopa? Tabita ameniambia."

Yunisi akageuza uso ukutani. "Niliahidi kumtumikia kila Alhamisi. Ulikuwepo. Sikwenda."

Ferista aliisogeza fimbo pembeni akamshika mkono. "Nilikuwepo, ndiyo, nilikushika kitenge. Sasa nijibu, nawe hujawahi kusema uongo. Alhamisi ipi nilikuja hapa na watoto nikakuta mlango umefungwa?"

Yunisi akafikiri. Alifikiri kwa bidii, maana alikuwa mtu mkweli na alitaka kuipata. Hakuipata.

"Mimi nilipata kitambaa hiki," Ferista akasema, "kwa sababu kuna mtu alibaki na Fortunata. Wote tulivikwa kwa sababu ulibaki. Tulikuwa tunakushukuru kwa uji, Mama Tabita. Hatukujua tunachoshukuru."

Alhamisi iliyofuata maombi hayakufanyika kanisani. Mchungaji mwenyewe, baada ya kuelezwa na Ferista, aliyahamishia hapa uani, saa nane mchana. Akina mama walikuja na watoto wao na wajukuu wao, hakuna aliyepitisha mtoto kwa jirani. Mchungaji akasoma nadhiri ile jinsi ilivyokumbukwa, akauliza kama kuna shahidi wa kwamba imetimizwa. Wakasimama waliokunywa uji wa Alhamisi. Walikuwa mafundi, walimu, madereva, mama wenye watoto wao, baba wenye mvi za kwanza, na walisimama kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Yunisi aliwatazama kutoka kwenye kiti alichotolewa nacho nje. Akasema, "Jamani, mmekua." Kisha akainamisha kichwa, na Ferista akamfunga kitambaa.

Alikivaa hata kitandani, na hofu ile ikaisha. Tulioishi naye siku zile tulimwona mtu mwepesi, mwenye utani, anayewaagiza wajukuu na kuwakosoa waimbaji. Wiki mbili baadaye Angel alikuta kitambaa kina doa kubwa la uji. Kitukuu alikuwa amejichafua, na Yunisi, kwa mazoea ya maisha yake yote, alimfuta mdomo kwa kilichokuwa karibu. Angel akashtuka, "Mama! Kitambaa cha kanisa!" Yunisi akakitazama, akakirudisha kichwani. "Niachie," akasema. "Sasa ndiyo kimekuwa changu."

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, jua likiwa ndio linachomoza, alimsikia Angel akichochea moto jikoni, akamwita. "Leo Alhamisi?"

"Hapana, mama. Jumatatu."

"Ah. Basi bado kuna muda." Akafumba macho. Angel aliporudi na chai, alikuwa ameshakwenda.

Yunisi ameacha watoto wanne, Tabita, Gibson, Clement na Angel. Wakwe zake, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Kaka yake mkubwa na mdogo wake Mika wa Mbebe. Mashemeji, akiwemo huyu anayesoma na ambaye, mtakiri, amejitahidi. Dada yake wa hiari Ferista. Na watoto wa uji, ambao familia haikuweza kuwaandika wote kwenye karatasi hii. Wao ndio watakaolibeba jeneza leo. Walituomba, na hatukuona nani mwingine mwenye haki zaidi.

Juzi akina mama walitaka kukifua kitambaa kabla ya kumvisha. Walikuwa na nia njema. Tabita akawaomba wakiache. Kwa hiyo mama yetu amelala hapa mbele yenu na kitambaa cheupe kichwani, na doa la uji upande wa kulia, na hivyo ndivyo anavyokwenda kwa Bwana wake, bila hofu, na nguo ambayo ni yake.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ninyi mliokuja na watoto wadogo, wapelekeni kule jikoni, Angel anawasubiri. Leo ni Alhamisi, saa nane imefika, na uji uko tayari. Mama Tabita, umefanya kazi yako yote. Lala sasa kwa amani ya Bwana, watoto wapo na sisi.